Ziwa Lisilokupwa

Bahir Dar, Ethiopia
16 Oktoba 1994

Kaka Ambrosi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utasema nimeandika ndefu. Mimi mzima, ila pua inachuruzika na midomo imepasuka kwa baridi. Mguu wa Mama mdogo Restuta unaendeleaje? Mkumbushe ile dawa ni ya kuchua, si ya kunywa. Wasalimu majirani wote wa Mitwero, na binti yangu Polo umwambie kalamu yake ya wino anayoitafuta iko ndani ya begi langu. Mwizi ni mimi.

Safari ilikuwa njema. Kozi yenyewe ni ya miezi sita, ya kukausha na kuhifadhi samaki, na tuko watu kumi na wanne kutoka nchi tano: mabwana samaki kumi na watatu, ukimhesabu mmoja ambaye hajafika, na bibi samaki mmoja. Siku ya kujitambulisha mwalimu aliniuliza kama nimefuatana na mume wangu. Nikamjibu mume wangu marehemu Faustino amepumzika Lindi, mimi nimefuatana na cheti changu.

Sasa ziwa. Kaka, liko juu milimani, juu kabisa, mpaka ukitembea haraka pumzi inakuishia. Siku mbili nzima basi lilikuwa linapanda na kushuka magenge, nikawa najiuliza maji gani hayo yanakaa huku juu, halafu nikaliona. Ng'ambo huioni. Ndege mwari weupe wanaelea makundi kwa makundi, na wanaume wanapita na vyombo vya mafunjo, majani tu yaliyofungwa mafungu, mtu amekaa juu na makalio yamelowa. Saa zao ni kama zetu, jua likichomoza ndiyo saa moja karibu inatimia. Lakini mwaka wao ni 1987! Kwa hiyo huku nina miaka ishirini na tisa, na mtu asinibishie.

Ucheke kidogo. Siku ya pili niliona kisiwa karibu na ufuko, kama mtu wa kwetu anavyoona fungu la kuvukia kwa miguu. Nikamuuliza mzee mmoja, kwa ishara na kwa maneno matatu niliyojifunza, maji yanatoka saa ngapi. Hakunielewa. Nikasema basi nitaona mwenyewe. Nikavua viatu, nikakunja gauni, nikakaa juu ya jiwe kuanzia saa mbili mpaka saa sita nasubiri maji yapwe nivuke. Watoto wakakusanyika. Saa sita mwalimu akaja kuniuliza kama naumwa. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mti. Nimesomea samaki, kaka, na darasani niliambiwa kuwa ziwa halina kujaa na kupwa, lakini miguu yangu ilikuwa haijaambiwa.

Neno langu kubwa ni Polo. Mtihani wa darasa la saba ameufanya mwezi uliopita. Kabla sijaondoka tulikubaliana, wewe na mimi, barazani kwako, kwamba akifaulu anakwenda sekondari hata iwe mbali. Matokeo yakitoka niandikie siku hiyohiyo. Usingoje upate habari nyingine za kujazia karatasi.

Na kama una nafasi, nitafutie doti ya kanga. Baridi ya huku inaingia kwenye mifupa. Bwana Ignatius Likwata wa ofisini kwetu Kilwa Masoko, yule mtani wetu, pasi yake ilichelewa na atanifuata huku mwezi wa kumi na mbili. Mpe yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Fortunata

*

Mitwero, Lindi
27 Novemba 1994

Mdogo wangu Fortunata,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani wiki tano, nadhani nayo ilikuwa inasubiri maji yapwe. Tumecheka hapa, Mama mdogo mpaka akasahau mguu. Lakini mimi nakwambia ulikosea kuondoka pale kwenye jiwe. Ungevumilia. Hakuna maji yasiyokupwa, ni subira tu.

Hatujambo. Mama mdogo anasema dawa ya kunywa ilikuwa inamsaidia zaidi. Paa la jikoni nimeezua upya. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Padre amehamishwa, aliyekuja ni kijana na anahubiri kama anawahi basi. Mikorosho mwaka huu imetoa maua vizuri, unga ule wa kupuliza tuliupata kwa wakati.

Mambo ya korosho yamebadilika sana tangu uondoke. Ghala la ushirika limefungwa, makomeo mawili. Sasa mwenye gari ndiye mnunuzi, wanakuja mpaka shambani. Mmoja wao ni Bwana Bonaventura, mtu wa makamo, Mkatoliki mwenzetu, amefiwa na mke. Ameweka mizani yake hapa barazani kwangu. Mpole sana. Amekuulizia wewe na ziwa lako, na alipouliza kuna baridi kiasi gani nikaona huyu ni mtu mwenye huruma.

Polo mzima. Amekua, hutamjua. Anapika, anateka maji, anasaidia kuandika majina ya watu wa korosho. Hayo ya matokeo tuiachie serikali, haijatangaza.

Kanga nimempa Likwata. Ni doti mpya, ina maneno *Wema hauozi*. Ukiipata niandikie kwa mkono wako kwamba umeipokea na umeridhika nayo. Uandike wazi, maana unajua posta za siku hizi na wazee wanataka kujua kitu kimefika.

Wako kaka,
Ambrosi

*

Bahir Dar
18 Desemba 1994

Kaka Ambrosi,

Shikamoo tena na tena. Likwata amefika juzi akitetemeka, amevaa masweta mawili na bado ananiambia mimi ndiye mzee. Kanga nimeipokea kwa mikono miwili na nimeridhika nayo sana. Asubuhi hii nimeifunga kiunoni chini ya koti na nimepata joto kama nimekaa jikoni kwa Mama mdogo. Asante, kaka. Huna kawaida ya kuchagua kitu kizuri hivi, mtu akisema umesaidiwa kuchagua nitaamini.

Jana tulikodi boti, wanakozi wote, kwenda kutembelea kisiwa chenye monasteri ya kale. Saa nzima majini. Ziwa lilikuwa limetulia na lina rangi ya chai ya maziwa, na kwenye visiwa miti imeshonana mpaka maji yanapoanzia. Tulipofika mtawa mmoja akashuka na fimbo yake, akatutazama, akaninyooshea kidole mimi. Nahodha akatafsiri: mwanamke hakanyagi hapa. Hata kuku jike hapandi, akasema, na alisema kwa adabu kabisa kama anayenifariji.

Wenzangu kumi na watatu wakashuka. Likwata akageuka akaniambia, 'Mtani, nitakuangalizia.' Nilibaki kwenye boti na nahodha. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Sikumkasirikia mtawa, kwake ni kwake na kisiwa ni chake. Nilikasirika kwa kuwa nilizoea. Nilijikuta nimeketi mikono mapajani kama nilivyokuwa nikiketi nje ya vikao vya ukoo, nasubiri mtu atoke aniambie nimeamuliwa nini. Basi nikamwambia nahodha anifundishe kuendesha ile mashine. Waliporudi ufukoni boti haikuwapo. Nilikuwa katikati ya ziwa nazunguka, mwari wananikimbia. Likwata alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa Polo. Hukuniambia amejionaje kwenye mtihani. Yeye hajaniandikia hata mstari, naye hupenda kuandika. Matokeo yatakuwa yametoka ukiisoma barua hii. Nijibu hilo kwanza, mbuzi baadaye.

Krismasi njema. Hapa wao wataila mwezi wa kwanza, kwa hiyo nitaila mara mbili.

Fortunata

*

Mitwero, Lindi
21 Januari 1995

Mdogo wangu,

Marahaba. Krismasi tulisherehekea salama, tulichinja mmoja wa wale pacha. Mama mdogo anatembea. Mvua imeanza kwa kusuasua.

Nakuandikia kama mkubwa wako na kama mjomba wa mtoto. Barua yako nimewasomea wazee siku ya Jumapili baada ya misa, pale unaposema umeipokea kanga kwa mikono miwili, umeridhika, na umeifunga kiunoni. Wote wamefurahi. Kanga ile, Fortunata, ni mkaja. Bwana Bonaventura ameleta posa ya Polo kwa adabu zote, na kilemba changu cha ujomba nimepokea, na mkaja wa mama mzazi ulikuwa haujapokelewa kwa kuwa mama mzazi yuko kwenye milima ya watu. Sasa umepokelewa. Unajua mila: mkaja ukishafungwa kiunoni, neno limefungwa. Kuurudisha ni kwa mkono mbele ya wazee na mbele ya mwenye posa, na wewe mkono wako uko mbali.

Usinione mbaya. Matokeo yametoka, sikatai, jina lake limebandikwa. Ni wasichana wawili shule nzima. Wanatakiwa kuripoti tarehe sita Machi, shule ya bweni huko upande wa Masasi. Lakini jiulize. Wewe ulisoma. Leo uko wapi? Ofisini kwenu wanapunguza watu, na unakaa kwenye boti nje ya kisiwa cha wanaume. Zamani cheti kilikuwa kazi. Siku hizi kazi ni gari na mizani. Bonaventura ana vyote viwili. Ndoa itakuwa baada ya Pasaka, nawe utakuwa umerudi, utakaa mbele kabisa.

Polo hakusema kitu. Kwetu msichana akinyamaza amekubali.

Tulia. Subira. Maji yatakupwa.

Kaka yako,
Ambrosi

*

Bahir Dar
16 Februari 1995

Ambrosi,

Salamu zangu ni kwa Mama mdogo Restuta, shikamoo Mama. Kwako wewe shikamoo nitakupa mwisho wa barua, ukiistahili.

Barua hii haiji kwa posta. Anayekukabidhi ni Likwata mwenyewe. Wamemwandikia kwamba jina lake limo kwenye orodha ya wanaopunguzwa, akabidhi vifaa vya ofisi, na kozi haimhusu tena. Amelia siku moja, siku ya pili akaniuliza, 'Mtani, una mzigo?' Ninao.

Nataka isomwe mbele ya wazee walewale uliowasomea ile ya kanga, na Bonaventura awepo. Ile uliwasomea nusu, hii soma yote.

Wazee wangu, shikamooni. Mimi Fortunata niliomba kanga kwa sababu ya baridi. Niliiomba kwa kaka yangu wa tumbo moja, naye akaniletea mkaja bila kunitajia jina lake. Mama hupewa mkaja akijua ni mkaja. Huulizwa, 'Mtoto wako anatakiwa, unasemaje?' Ndipo hupokea au hukataa. Mimi sikuulizwa. Nilichofunga kiunoni ni nguo ya baridi, na aliyeniibia neno langu ni ndugu yangu. Hilo limenichoma, wazee wangu, na nalisema mbele yenu ili lisije likaozea tumboni.

Kaka anasema mkaja hurudishwa kwa mkono. Ni kweli. Ulikuja kwa mkono wa Likwata nikaambiwa nimepokea. Unarudi kwa mkono wa Likwata, na mniambie nimerudisha. Kama mkono wake ulitosha kuleta, unatosha kupeleka. Na yeye ni mtani, hana wa kumwogopa hapo.

Kanga yenyewe mtaikuta imefungia perege niliowakausha mwenyewe kwa moshi, ndio mtihani wangu wa mwezi huu. Imeandikwa kuwa wema hauozi. Samaki wangu nao hawaozi, nimepata alama za juu kuliko wanaume wote kumi na watatu, akiwemo mleta mzigo. Kuleni, wazee wangu. Bonaventura naye apewe, mgeni hanyimwi kitoweo. Lakini mwanangu hapewi.

Sasa wewe, Ambrosi.

Unaniuliza kusoma kumenifikisha wapi. Kumenifikisha hapa. Nimesimama kwenye ziwa lililo juu ya milima, mtu wa Mitwero, nazungumza na watu wa nchi tano, na wenyeji wananiita mgeni na kunipa kahawa vikombe vitatu. Wakinipunguza kazi watapunguza jina kwenye karatasi. Nitarudi Kilwa Masoko nikaushe samaki wangu mwenyewe, hakuna wa kunipunguza kwenye moshi wangu. Hilo ndilo nililosomea. Na wewe hukuniambia kwamba ghala lilipofungwa lilikufungia na wewe nje. Miaka kumi na nane ya kupima korosho za ushirika, na hukuandika hata neno. Likwata ndiye aliyeniambia mizani ya Bonaventura wewe ndiye unayeishika. Naumia kwa ajili yako, kaka, kweli naumia. Lakini Polo si ada ya kazi yako.

Unakumbuka mwaka sabini na mbili? Jina langu lilibandikwa. Mjomba Benjamini alisema msichana anatosha hapo, na alikuwa na mtu wake tayari wa kunioa. Nami nilinyamaza kama Polo anavyonyamaza, nawe unajua kama nilikuwa nimekubali. Alfajiri moja ulinipakia kwenye baiskeli, sanduku mbele, mimi nyuma, ukaniendesha barabara ya vumbi siku mbili mpaka shuleni. Ulirudi ukapigwa bakora na mjomba, na mwaka mzima hakuongea na wewe. Nilikuuliza huogopi? Ukasema, 'Wakikasirika watapoa.' Yule kijana wa baiskeli nimemtafuta kwenye barua zako zote tatu miezi hii na sijamwona.

Mbili. Mbili tu, umeandika mbili. Unaona hasira inavyonihesabia vibaya.

Unaniambia nisubiri maji yapwe. Nimekaa kwenye ziwa hili miezi minne, nakuapia, maji hayapwi. Anayesubiri kupwa hapa atazikwa na viatu mkononi. Lakini yanatoka, kaka. Tulipelekwa tukaona. Kuna mahali pamoja ziwa limepasuka na mto unaondoka, mkubwa, kwa haraka, na huo haurudi nyuma kuuliza mtu. Tarehe sita Machi Polo awe shuleni. Nikirudi mwezi wa nne nimkute huko. Nikimkuta barazani kwako karibu na mizani, nitamchukua na sitakanyaga tena Mitwero, hata kwenye msiba wako sitakanyaga, mwanamke aliyezuiwa kisiwa anajua kukaa nje.

Shikamoo bado.

Fortunata

*

Mitwero, Lindi
12 Machi 1995

Fortunata,

Marahaba, ingawa hukuitoa.

Likwata aliingia hapa Jumapili ya tarehe ishirini na sita, tumekaa na wazee, Bonaventura yupo, tunapanga mambo ya Pasaka. Hakupiga hodi. Akasema, 'Watani, nimeletwa na mkono.' Akatua mzigo katikati ya mkeka, akaufungua. Ile harufu, Fortunata! Mama mdogo alikuwa wa kwanza kuchukua kipande.

Wakataka barua isomwe. Miwani yangu imevunjika mkono mmoja, haikai puani. Nikampa Polo asome. Nilidhani atasoma kwa aibu, ataruka maneno. Hakuruka. Alisoma la wizi wa neno, alisoma la ghala, alisoma la baiskeli mbele ya watu wasiojua kwamba nilipigwa bakora. Bonaventura akasema, 'Yatosha, tumesikia.' Polo akasema, 'Bado kuna nyuma ya karatasi.' Akageuza, akaendelea.

Alipomaliza Mama mdogo alimuuliza, 'Na wewe mwenyewe, mjukuu wangu?' Akasema, 'Mimi nilinyamaza kwa sababu hakuna aliyeniuliza.' Likwata akapiga makofi peke yake.

Mama mdogo akaitoa kanga chini ya samaki, akaikung'uta, akamwekea Bonaventura mapajani. Akasema mkono umefika. Wazee wakanyamaza, na siku hiyo kunyamaza kulikuwa kukubali. Bonaventura aliiweka chini, akasema hawezi kuingia na nguo ile kwenye gari. Kilemba changu nilimrudishia pale pale. Kesho yake alikuja kuchukua mizani. Siku hizi baraza langu ni peupe, nakaa natazama barabara. Sikuandikii kuomba radhi. Nakwambia tu kwamba ni peupe.

Baiskeli haina mnyororo tangu mwaka themanini na nane. Tulipanda lori la chumvi, mimi na Polo na sanduku lako lile lile, bawaba moja imekatika nikafunga kamba. Tulilala njiani kwa watawa. Tarehe sita saa nne asubuhi aliandikishwa. Mwalimu mmoja, Mwalimu Cecilia, aliniuliza mimi ni nani wake. Nilisema mimi ndiye mjomba, na nilisema kwa sauti.

Kuhusu kanga. Mama mdogo ameifua mara tatu, ameianika juani siku tano, harufu ya moshi na perege haitoki. Nilitaka kuitupa. Polo akaichukua, akaikunja, akaitia kwenye sanduku juu ya madaftari. Tulipofika bwenini alitandika kitanda chake, akaitandaza juu, maneno yakaonekana vizuri. Wasichana wawili wakaziba pua. Nikamwambia kwa upole, mjomba, iache mimi nirudi nayo, wenzako watakucheka.

Akasema, 'Wakicheka watapoa.'

Mimi kaka yako,
Ambrosi